Fahamu Masharti ya Rufaa ya Matibabu Nje ya Nchi kwa Mtoto Aliyezaliwa na Jinsi Tata

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

Mtoto anapozaliwa, swali la kwanza la ndugu na majirani huwa ni moja: wa kike au wa kiume? Katika Kata ya Lufingo, Wilaya ya Rungwe, kama ilivyo kwingineko nchini, mkunga hulijibu kwa kutazama. Mara chache hutokea kwamba kutazama hakutoshi. Viungo vya uzazi vya nje vinakuwa na umbo lisilo wazi, au tundu la mkojo liko mahali pasipo pake, au korodani hazionekani wala hazipapasiki. Wataalamu wa afya huita hali hiyo jinsi tata. Mitaani hutumika zaidi maneno "jinsia mbili", ingawa maneno hayo huwapotosha wengi, kwa sababu walio wengi kati ya watoto hawa hawana viungo kamili vya jinsi zote mbili.

Familia inayojikuta katika hali hiyo huanza mapema kuuliza kuhusu upasuaji nje ya nchi. Wapo wanaosikia habari za India, wengine za Afrika Kusini, na wapo wanaoanza kuuza shamba la chai au ng'ombe kabla mtoto hajafikishwa hospitali ya wilaya. Makala haya yanaeleza masharti ambayo mgonjwa anapaswa kuyatimiza ili apewe rufaa ya nje kwa utaratibu wa Serikali, mambo yanayotangulia rufaa hiyo, na sababu ambazo kwa watoto wengi safari hiyo haihitajiki.

Hatari ya siku za mwanzo

Kabla ya kuzungumzia upasuaji, kuna jambo moja linalogusa uhai wa mtoto. Sababu mojawapo kubwa ya jinsi tata ni kasoro ya kurithi katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, ziitwazo adrenali. Tezi hizo hushindwa kutengeneza homoni ya kotisoli kwa kiwango kinachotakiwa, na badala yake huzalisha kwa wingi homoni za kiume. Mtoto mwenye kromosomu za kike na mwenye kizazi na ovari kamili huweza kuzaliwa akiwa na viungo vya nje vinavyofanana na vya mvulana.

Katika aina kali ya ugonjwa huo mwili hupoteza chumvi kupitia mkojo. Kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto huanza kutapika, hukataa ziwa, hulegea, hupungukiwa maji, na asipotibiwa hufariki. Dalili hizo hufanana mno na za kuhara na kutapika au za uambukizi wa damu kwa mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na viungo visivyo wazi anaweza kuzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na familia isijue kwamba alihitaji dawa mbili tu: haidrokotisoni, na fludrokotisoni ya kumsaidia kuhifadhi chumvi. Dawa hizo hutumika maisha yote, na anayezitumia ipasavyo hukua, husoma na huweza kuzaa.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa namna hii hapaswi kurudishwa nyumbani kusubiri akomae. Mzazi amwombe mganga mfawidhi wa kituo barua ya rufaa siku ileile, na mtoto apelekwe hospitali ambako daktari anaweza kupima chumvi za damu na sukari. Kijana wa kiume wa sura, ambaye korodani zake zote mbili hazipapasiki, achukuliwe kwa uzito uleule hadi ithibitike vinginevyo.

Ngazi za rufaa kutoka Lufingo

Mfumo wa rufaa nchini ni wa ngazi, na masharti ya kupelekwa nje yamejengwa juu yake. Mgonjwa wa Lufingo huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya mjini Tukuyu, kisha hospitali za rufaa jijini Mbeya, umbali wa takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu kwa barabara kuu iendayo Kyela na Malawi. Juu ya ngazi hizo iko Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mgonjwa aliyeruka ngazi na kujitokeza wizarani akiwa na barua ya hospitali ya ng'ambo aliyoipata kwa simu hajatimiza sharti la kwanza, na atarudishwa kuanza upya.

Katika kila ngazi ipo karatasi inayopaswa kubaki mkononi mwa mzazi: barua ya rufaa yenye saini na muhuri, majibu ya vipimo, na kadi ya kliniki ya mtoto. Watendaji wa afya wanafahamu kwamba rufaa nyingi hukwama kwa sababu majibu yalibaki kwenye faili la hospitali iliyotangulia. Mzazi ana haki ya kuomba nakala, na inafaa aombe kabla hajaondoka.

Vipimo vinavyohitajika ni vya aina tatu. Cha kwanza ni cha kromosomu, kinachoonyesha mpangilio wa vinasaba vya jinsi. Cha pili ni cha homoni, hasa zile za tezi za adrenali. Cha tatu ni picha ya ultrasaundi ya tumbo la chini, ili kujua kama kuna kizazi na kama kuna ovari au korodani ndani. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake. Mtu mwenye kromosomu za kiume anaweza kuwa na mwili usioitikia homoni za kiume, akazaliwa na kukua kama msichana, na hali yake isigundulike hadi atakapofika umri wa kuvunja ungo bila kupata hedhi. Mwingine, mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachobadili homoni ya kiume kuwa aina yenye nguvu zaidi, hulelewa kama msichana na kuanza kubadilika sauti na misuli akiwa darasa la sita au la saba. Wapo pia, ingawa ni wachache, walio na chembechembe za ovari na za korodani katika mwili mmoja. Utafiti wa kitabibu umeonyesha kuwa hali hii huonekana zaidi katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuliko Ulaya.

Utaalamu wa kuyasoma majibu hayo umekua katika ukanda wetu. Tangu mwaka 2008 kituo cha mafunzo kilichopo Nairobi kimekuwa kikiwaandaa madaktari wa watoto wa nchi za Afrika, wakiwemo Watanzania, katika fani ya homoni za watoto. Kabla ya hapo mzazi aliyehitaji ushauri wa namna hiyo alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kufikiria ndege.

Masharti yenyewe

Rufaa ya nje kwa utaratibu wa Serikali haitolewi kwa matakwa ya mgonjwa wala kwa uwezo wake wa kifedha. Sharti la msingi ni kwamba tiba inayohitajika haipatikani nchini. Sharti la pili ni kwamba tiba hiyo ipo huko inakokusudiwa na ina matumaini ya kweli ya kumsaidia mgonjwa. Asiyeweza kunufaika hapelekwi, hata kama ndugu wako tayari. La tatu, uamuzi hufanywa na jopo la madaktari bingwa wa hospitali ya ngazi ya juu inayomtibu, si na daktari mmoja. Jopo huandika taarifa ya ugonjwa, tiba aliyokwisha kupewa, na sababu ya kutotosheleza kwa tiba iliyopo. Taarifa hiyo ndiyo inayopelekwa Wizara ya Afya, kwenye Ofisi ya Mganga Mkuu wa Serikali, kwa uamuzi.

Sharti la kwanza ndilo linalowaangusha wengi, na ni vyema lieleweke kwamba kuangushwa nalo ni habari njema. Nchi yetu hapo nyuma ilipeleka India wagonjwa wa moyo, figo na saratani kwa idadi kubwa. Leo upasuaji wa moyo unafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka huohuo hospitali hiyo ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu. Vivyo hivyo kwa maumbile ya uzazi: kurekebisha tundu la mkojo lililo chini ya uume na kushusha korodani zilizobaki tumboni ni upasuaji unaofanywa na madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto hapa nchini. Umri unaopendekezwa kwa kawaida ni kati ya miezi 6 na 18.

Hapa kuna tahadhari ambayo wazee na walezi wa Rungwe wanapaswa kuisikia. Mtoto ambaye tundu lake la mkojo haliko kwenye ncha ya uume asitahiriwe, si hospitalini wala jandoni. Ngozi ya govi ndiyo ambayo daktari huitumia kutengeneza njia mpya ya mkojo. Ikishakatwa, kazi iliyowezekana kwa upasuaji mmoja huhitaji miwili au mitatu, na hapo ndipo familia huanza kuambiwa habari za nje ya nchi.

Kesi zinazobaki ni chache na ngumu: kibofu kilichozaliwa nje ya tumbo, njia za mkojo, haja kubwa na uzazi zilizoungana kuwa moja, au pacha walioungana sehemu za chini. Jirani zetu wa Kyela wanaikumbuka mojawapo. Mwaka 2013 walizaliwa wilayani humo pacha wa kiume walioungana nyonga, wakiwa na sehemu za mkojo na haja za pamoja. Walipitia Mbeya na Muhimbili, kisha wakapelekwa Chennai, India, ambako mwezi Disemba mwaka huohuo walitenganishwa kwa upasuaji uliochukua saa nyingi katika hospitali ya watoto ya Apollo, na viungo vyao vikajengwa upya. Mwanzoni mwa mwaka 2014 walirudi nyumbani wakiwa watoto wawili. Barabara waliyopita kutoka mpakani kwenda Mbeya ndiyo inayopita Tukuyu. Ngazi walizozipanda ndizo zilezile zilizoelezwa hapo juu.

Nyaraka za safari

Rufaa ikishakubaliwa, mtoto anahitaji hati ya kusafiria kutoka Idara ya Uhamiaji. Kinachotangulia hati hiyo ni cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo jinsi tata inapoleta ugumu wa pekee.

Kiswahili na Kinyakyusa haviwalazimishi wazazi kusema neno moja kwa mtoto wa kiume na jingine kwa wa kike. "Yeye" ni mmoja. Fomu haina uungwana huo. Inadai jinsi ijazwe. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza, mwezi Julai 2013, katika mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kuwasajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Urahisi huo ni wa kujivunia, lakini kwa mtoto huyu haraka ya siku ya kwanza inaweza kuwa mzigo. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha kizazi. Wazazi wanashauriwa kutumia muda huo kupata majibu ya vipimo kabla ya kuijaza fomu, na kumwarifu Mtendaji wa Kata na Afisa Ustawi wa Jamii kwa faragha kwamba mtoto yuko chini ya uchunguzi. Jina linaweza kutangulia: Tumaini, Imani na Furaha ni majina yanayochukuliwa na wote.

Ikiwa jinsi iliandikwa na baadaye vipimo vikaonyesha kwamba ilikosewa, utaratibu wa kusahihisha kosa katika rejista upo kwa Msajili, nao huhitaji kiapo na ushahidi wa daktari. Lisahihishwe kabla ya maombi ya hati ya kusafiria. Cheti, barua ya jopo na hati ya kusafiria vikitofautiana jinsi, ubalozi utauliza, na kujibu kutoka mbali ni vigumu. Kwa India, viza inayoombwa ni ya matibabu, ambayo huruhusu wasindikizaji wasiozidi wawili walio ndugu wa damu, kila mmoja kwa viza yake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwekwe tayari.

Ridhaa, na swali la kusubiri

Katika matibabu haya yapo maamuzi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kuokoa uhai na kufungua njia ya mkojo au haja iliyoziba, hilo halisubiri. La pili ni kuvipa viungo umbo linalofanana na la msichana au la mvulana, na hilo katika utoto si la dharura. Kiungo kilichopunguzwa au tezi iliyoondolewa havirudi, na mtoto aliyeamuliwa kuwa wa kike akiwa na miezi mitatu anaweza kufikia miaka kumi na mitano akijijua kuwa mvulana.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaelekeza kwamba maslahi yake ndiyo yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na inampa haki ya kutoa maoni katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mtoto wa wiki mbili hana maoni ya kutoa. Wa miaka kumi na miwili anayo. Kwa mtazamo wa mwandishi, mzazi anayeambiwa na hospitali yoyote, ya ndani au ya nje, kwamba umbo ni lazima lirekebishwe sasa hivi, anayo haki ya kuuliza: litaharibika nini tukisubiri?

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Malta ilipiga marufuku mwaka 2015 upasuaji wa namna hiyo usio wa lazima kitabibu hadi mhusika aweze kuridhia. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Disemba 2014 katika shauri la mtoto aliyetajwa kwa herufi A pekee, aliyezaliwa mwaka 2009 na ambaye mahali pa jinsi katika karatasi za hospitali paliwekwa alama ya kuuliza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ikahesabu watu 1,524 wenye jinsi tata, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 inazuia kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto wa namna hiyo bila ushauri wa mtaalamu wa vinasaba. Familia ya Lufingo haifungwi na sheria za Nairobi wala za Valletta, ila hospitali ya ng'ambo hufuata sheria ya nchi ilipo, na huenda ikakataa upasuaji ambao wazazi walisafiri kwa ajili yake.

Kwa watu wazima

Baadhi ya waliozaliwa na jinsi tata hugundulika wakiwa watu wazima, na hao hupita ngazi zilezile. Tofauti ni kwamba ridhaa ni yao wenyewe. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi apelekwe hospitali bila kungoja aolewe.

Upasuaji wa kubadili jinsi kwa mtu mzima asiye na tatizo hilo la kimaumbile ni suala tofauti na linaloelezwa hapa, na hospitali za nje zinazoutoa zina masharti yao. Nyingi hufuata miongozo ya chama cha kimataifa cha wataalamu kiitwacho WPATH, ambayo toleo lake la nane lilitolewa Septemba 2022 na linadai tathmini ya maandishi ya mtaalamu wa afya mwenye sifa kabla ya upasuaji. Thailand, inayopokea wageni wengi, hudai tathmini ya madaktari wawili wa afya ya akili, na ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 20. Hospitali inayokubali malipo kwanza na kuuliza historia ya mgonjwa baadaye haifuati miongozo hiyo, na anayesafiri kwa njia yake hubeba gharama zote, pamoja na zile za madhara yatakayojitokeza akisharudi, wakati daktari aliyempasua yuko maelfu ya kilomita mbali naye.

Tahadhari kuhusu mawakala inawahusu wote. Jopo la madaktari halina wakala, na barua ya rufaa haiuzwi. Anayeahidi kuharakisha kibali cha wizara kwa malipo aripotiwe kwenye ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya au kituo cha Polisi.

Kwa wazazi walio na mtoto wa hali hii sasa, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, na faragha ni sehemu ya huduma. Mhudumu wa afya hana ruhusa ya kuwaita wenzake waje kumtazama mtoto, wala ya kumpiga picha kwa simu. Jirani akiuliza ni wa kike au wa kiume, mzazi halazimiki kujibu. Anaweza kusema mtoto yu mzima na anaendelea kunyonya.